Akiba ya Kompyuta Inaoza



Wazee wetu walisema akiba haiozi. Kwa mahindi ya ghalani na hela ya kibindoni tunawaunga mkono. Kwenye kompyuta tunapinga. Akiba ya kompyuta inaoza, tena inaoza ikiwa nzima: diski haina hata mkwaruzo, faili zote zimo, na bado hakuna wa kuzifungua.

Sisi tunaofanya kazi hizi hapa Beltsville tumechoka kuona lawama zikimwangukia mwenye kompyuta. Kila toleo jipya la mfumo endeshi linapotoka, simu zinaanza kulia. Mtu amepandisha mfumo usiku, asubuhi programu yake ya nakala za akiba haiamki, na picha za arusi, sauti ya bibi iliyorekodiwa Tanga na daftari la michango ya msiba la chama chake vyote vimo humo ndani. Fundi anamwuliza kwa dharau: "Kwani hukuweka akiba?" Aliweka, tena kila wiki. Kosa si lake.

Tueleze kwanza sababu. Programu ya kuandikia barua inakaa sebuleni. Mfumo ukibadilika, mara nyingi haisumbuki. Programu ya nakala za akiba inakaa kwenye msingi wa nyumba. Ni lazima isome diski yote, hata faili zinazotumika wakati huohuo, kwa hiyo hutegemea viungo vya ndani kabisa vya mfumo. Msingi ukiguswa, hiyo huwa ya kwanza kuanguka. Tena nyingi hazinakili faili kama zilivyo. Huzifunga zote katika furushi moja, na fundo la furushi hilo hulijua zenyewe tu.

Mifano haihitaji kutafutwa mbali. Windows XP ya mwaka 2001 ilikuwa na chombo chake cha nakala za akiba. Vista ilipoingia madukani Januari 2007, chombo hicho hakikuwamo. Mteja mtiifu, aliyefuata ushauri akaweka akiba miaka yote hiyo, ilimbidi atafute kwenye intaneti programu ya pembeni ili afungue mafurushi yake mwenyewe. Windows 7 ya mwaka 2009 ikaja na chombo kingine, Windows 8.1 ya mwaka 2013 ikakiondoa. Windows 10 ya mwaka 2015 ikakirudisha. Norton Ghost, iliyotumika kwa miaka mingi, iliachwa na wenyewe Aprili 2013. Kwa upande wa Apple, toleo la Catalina la Oktoba 2019 lilizima programu zote za biti 32, na za akiba hazikusamehewa.

Zamu ya karibuni ilikuwa tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10. Kompyuta nyingi nzima zilikataliwa na Windows 11 kwa kukosa kifaa cha usalama inachokidai. Hapa Marekani, aliyetaka kuongezewa mwaka mmoja wa ulinzi aliambiwa atoe dola 30, au akubali mipangilio ya kompyuta yake ihifadhiwe kwenye ghala la kampuni hiyohiyo. Ghala hilo ni bure kwa gigabaiti 5; ukizidisha, unalipa kila mwezi. Huo ndio upangaji tunaouzwa kwa jina la akiba. Siku kodi ikikatika, vyombo vinatolewa nje.

Asidhani mtu kwamba haya ni matatizo ya wasiosoma. Jirani zetu wa Greenbelt, kituo cha Goddard cha NASA, wana wataalamu wa kutosha. Kanda za asili zilizopokea picha za Apollo 11 kutoka mwezini Julai 1969 zilipokuja kutafutwa, mashine ya kuzisomea ilikuwa bado ipo Goddard, lakini kanda hazikuonekana. Mwaka 2009 NASA ilieleza kuwa yaelekea zilifutwa na kutumiwa tena. Picha zilizobaki ni zile zilizorekodiwa kutoka matangazo ya televisheni. Kanda na mashine ya kuisomea ni mali moja. Ukitunza kimoja, hujatunza kitu. Na hapa hapa Beltsville ipo Maktaba ya Taifa ya Kilimo, iliyohamia hapa mwaka 1969. Kitabu cha karne ya 19 kilichomo humo kinahitaji mwanga na macho, basi.

Watatujibu kwamba mfumo wa zamani una matundu, na wezi wa mitandao wanayapenda. Kweli, na hatumshauri mtu abaki nao. Ugomvi wetu ni na wanaotusukuma tupande ngazi huku wakiing'oa ile ya nyuma. Anayeuza programu ya nakala za akiba na awajibike kueleza hadharani jinsi furushi linavyofunguliwa bila yeye. Anayeuza mfumo endeshi na aseme, kabla hujabonyeza kitufe, ni programu gani itakufa. Bati la maziwa huandikwa tarehe ya kuharibika. Akiba ya maisha yetu haiandikwi kitu.

Mpaka hapo watakapolazimishwa, tujilinde. Picha, sauti na hesabu za chama zinakiliwe kama zilivyo, bila kufungwa furushi, kwenye diski mbili zinazokaa nyumba mbili. Kabla ya kupandisha mfumo, ulizeni kama toleo mlilonalo la programu ya akiba linakubalika kwenye mfumo mpya, kisha chomoeni diski ndipo mwendelee. Vyama vyetu vimteue mtu wa kazi hii, kama vinavyomteua mweka hazina.

Na jambo la wikendi hii: chukueni diski mnayoiita akiba, mwende nayo kwa jirani, mjaribu kuifungua kwenye kompyuta yake. Picha moja ikitokea, mshukuru Mungu. Isipotokea, bado kompyuta ya zamani iko mezani na inawaka. Fanyeni haraka.

Wasalaam.