Mtegemea cha Instagram hufa maskini

Vijana wenzangu, leo tuongee biashara. Siasa ya kura na siasa ya tonge ni ndugu wa tumbo moja.

Ingia Instagram sasa hivi, tafuta fundi sofa, mpika keki au muuza vitenge. Kazi ni nzuri, picha zinavutia. Uliza bei: "njoo inboksi". Uliza duka liko wapi: "tupo Dar, mikoani tunatuma". Halafu unaambiwa utangulize hela. Katika nchi ambayo karibu kila mwenye simu ameshapata meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii", mteja akisita utamlaumu? Anayeumia ni fundi mwaminifu, kwa sababu machoni pa mteja hana tofauti na tapeli.

Hapo ndipo tovuti inapomsaidia. Sizungumzii tovuti ya mbwembwe. Nazungumzia ukurasa nadhifu wenye jina la biashara, picha za kazi yako mwenyewe, bei, mahali ulipo, namba ya simu na masharti ya kurudisha bidhaa. Ufunguke hata kwa bando la kuungaunga, na uandikwe Kiswahili cha mteja wako. Anwani inayoishia na .co.tz, kwa mwaka mzima, haifikii kodi ya mwezi mmoja ya fremu Kariakoo.

Sisi tunaosoma sheria tuna la kuongeza. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inamtaka anayeuza kwa njia ya kielektroniki amweleze mteja yeye ni nani, anapatikana wapi, anauza nini na kwa bei gani. Kwa hiyo "bei inboksi" si usumbufu tu, inagongana na sheria. Sheria hiyohiyo inazikubali rekodi za kielektroniki kuwa ushahidi. Masharti yako yakiwa wazi kwenye tovuti, siku mteja akikugeuka, au wewe ukimgeuka, kuna pa kuanzia. Maneno ya inboksi yanafutwa kwa kidole kimoja.

Kuna watakaosema chema chajiuza. Sawa, lakini hicho chema kimekaa kwenye nyumba ya nani? Ukurasa wa Instagram ni chumba cha kupanga. Mwenye nyumba anaweza kukufungia bila notisi, au mwizi akakuibia akaunti na wafuasi wako wote. Oktoba 4, 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizima dunia nzima kwa takriban saa sita. Aliyekuwa na oda zake zote humo alikaa mikono kifuani. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na huyu wa Marekani hata ndugu si ndugu.

Na huku kwetu mwenye nyumba ana kaka yake, Serikali. Mei 2025 mtandao wa X ulifungwa nchini. Kuanzia siku ya uchaguzi, Oktoba 29, 2025, intaneti ikazimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Tuseme ukweli: siku kama hizo tovuti haikuokoi mbele ya mteja wa Mbagala. Lakini ikiwa imehifadhiwa kwenye seva za nje, mfanyabiashara wa Lubumbashi anayenunua Kariakoo anaendelea kuona bei zako na namba yako ya simu. Ni afadhali kuliko giza tupu.

Ndiyo maana hatuwezi kumwachia mama wa keki mzigo huu peke yake. Tunadai mambo matatu.

Kwanza, mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ikubali gharama ya tovuti kama inavyokubali cherehani au pikipiki. Nayo ni kitendea kazi.

Pili, TCRA itamke kwa Kiswahili chepesi kwamba tovuti ya kuuzia viti si chombo cha habari. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 zilikuja na ada ya maombi ya shilingi 100,000, leseni ya 1,000,000, na milioni nyingine kila mwaka. Mtu wa mtaji wa laki tatu akisikia hizo hesabu anaona bora abaki inboksi.

Tatu, intaneti isizimwe kwa amri ya ofisini. Anayetaka kuizima aende mahakamani, atoe sababu, na wenye biashara wasikilizwe. Duka la mtu halifungwi kwa simu ya mkubwa.

Wakati tunadai, tusikae. Kwenye matawi yetu kuna vijana wanaosoma kompyuta na wengine wanaosoma sheria. Kila tawi lichague biashara tano za mtaani, likae na wenyewe, liwatengenezee tovuti na kuwaandikia masharti ya mauzo. Nywila wakabidhiwe wenye biashara, na jina la anwani lisajiliwe kwa majina yao, si ya chama wala ya fundi. Na tafadhali, nembo yetu isiwekwe humo. Mama wa keki ana wateja wa vyama vyote.