Neno "Tu"

Wapo walimu wenzangu, wa Handeni na wa Korogwe, ambao ukiwatajia marehemu Amri Athumani, yule King Majuto wa Tanga, husema, "Aa, yule mchekeshaji tu." Hilo "tu" ndilo linaloniudhi.

Bwana huyu alizaliwa mwaka 1948, akaanza kuigiza angali mtoto mwaka 1958, na hakuacha hadi uzeeni. Alitoka jukwaani akaingia katika kanda, televisheni, filamu na matangazo. Leo baba mkali, kesho mzee mkware, keshokutwa mshamba aliyepotea mjini. Eti alikuwa akijiigiza mwenyewe! Mtu mmoja atakuwaje hao wote?

Nimefundisha walimu miaka mingi. Mwanachuo aliye katika mazoezi ya kufundisha hawezi kunyamaza mbele ya darasa hata kwa pumzi tatu. Kila pengo hulijaza maneno. Majuto alijua kunyamaza. Alimkazia mwenzake macho, basi, na watu katika kibanda cha video pale Chanika wakaanza kucheka kabla hajafungua mdomo. Hiyo ni kazi iliyofanyiwa mazoezi, si porojo za kijiweni.

Na dharau hii ina gharama. Kazi ikiitwa mzaha, malipo yake nayo huwa ya mzaha. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tunayo tangu mwaka 1999, nayo inamtambua mwigizaji. Lakini ilikuwa mpaka mwaka 2018, mzee huyu akiwa mgonjwa, sura yake ikiwa imekwisha kuuza bidhaa za watu, ndipo Wizara ilipounda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. Alipelekwa India kutibiwa, akarudi, akafariki Muhimbili tarehe 8 Agosti. Waombolezaji walijaa. Jeneza halikosi watu.

Ninyi mnaofundisha sanaa za maonyesho vyuoni, acheni walau wiki moja ngonjera za kumpokea mgeni rasmi. Wekeni mkataba mezani. Waulizeni wanachuo: tangazo hili litarushwa kwa muda gani? Likirushwa tena mwaka wa pili, nani atalipwa? Msanii akifa, je?

Mwenzangu mmoja, mstaafu kama mimi, aliniambia hayo ni mambo ya wanasheria. Nikamwuliza kama hati za kiinua mgongo chake alizitia saini bila kuzisoma. Alikunywa chai yake, akaniuliza habari za mahindi.