Geti kali limehamia kwenye kibodi!

Wiki hii nina dukuduku na nisipolitoa hapa litanikaba.

Mwezi uliopita, Jumamosi moja, baba mdogo alinipigia simu niende kwake fasta. Kwenye ukoo wetu mimi ndiye mtaalamu wa kompyuta, eti kwa sababu niliwahi kuuza duka la steshenari nikachapa barua za watu. Nafika, shikamoo, marahaba, naletewa soda baridi (nikajua tu hapa kuna kazi), halafu mzee akanivuta pembeni. "Mwanangu, nataka nione kila anachoandika mdogo wako kwenye ile kompyuta. Lakini asijue."

Huyo mdogo wangu yuko kidato cha pili. Mtoto wa geti kali hasa! Simu hana, akitoka shule ni nyumbani, akitoka nyumbani ni shule. Kilichobaki ni kompyuta ya sebuleni, na siku hizi akisikia kandambili za baba yake tu, anafunga alichokuwa anaandika. Mzee akajumlisha moja na moja, akapata mvulana.

Alichokuwa anakitaka kinaitwa kiloga. Usicheke, jina ni la Kizungu, halihusiani na waganga, ingawa limekaa mahala pake. Ni programu inayojificha ndani ya kompyuta na kunakili kila kitufe kinachobonyezwa, na saa kilipobonyezwa, halafu inamtumia mwenye nayo ripoti. Kipo na cha kuchomeka, kidogo kama flashi, kinakaa kati ya waya wa kibodi na kompyuta. Na mchezo huu ni wa zamani: mwaka 1984 Wamarekani waligundua mashine 16 za kuchapa kwenye ofisi zao za kibalozi huko Urusi zimetegwa na wenyeji wao, kila herufi inarushwa nje kwa redio.

Nikakiweka. Ndiyo, nilikiweka, msinitazame hivyo. Soda nilishainywa.

Jumanne mzee kanipigia anahema. "Kaandika mpenzi! Nimeona kwa macho yangu!" Nikapanda daladala mbio. Kumbe kazi ya shule, barua ya kirafiki: "Mpenzi rafiki yangu..."

Halafu kiloga hakijui nani kakalia kiti. Chini ya hiyo barua likafuata neno la siri la mama mdogo, likafuatwa na maneno aliyomwandikia dada yake kuhusu hela za kikoba ambazo mzee hakuwa na habari nazo. Mzee akakohoa, akaendelea kusoma.

Na usidhani msomaji ni baba peke yake. Programu nyingi za namna hii zinapitisha ripoti kwenye kompyuta za kampuni iliyoziuza. Mwaka 2010 kampuni ya Marekani, EchoMetrix, ilibanwa na serikali kwa sababu wazazi walinunua programu yake ya Sentry wakijua wanalinda watoto, kumbe maongezi ya watoto yanachotwa na kuuziwa watafiti wa soko. Mwaka 2018 wenzao wa TeenSafe, waliokuwa wakichunga simu za watoto, waliacha taarifa za wateja mtandaoni bila kufuli, maneno ya siri ya watoto yakiwemo. Yaani umeweka mlinzi getini, mlinzi kaacha geti wazi kaenda kunywa chai!

Lakini kilichonifanya nishike kalamu ni ripoti ya Alhamisi.

Kiloga kinanakili hata kitufe cha kufutia. Alichoandika mtu na kukifuta, kwenye skrini hukioni, kwenye ripoti kipo. Saa tatu na robo usiku binti alikuwa ameandika: "Baba shikamoo. Naomba usikasirike. Fizikia siiwezi, wenzangu wananicheka, naogopa kukuambia kwa mdomo." Baada ya hapo ni alama ya kufuta, mistari mitatu mizima. Akaanza tena, "Baba". Akafuta. Akaanza tena. Akafuta. Hapakuwa na mvulana wala nini.

Mzee aliichapisha ile karatasi, akaikunja, anatembea nayo mfukoni. Mwakani binti anachagua masomo, na yeye alishatangazia ukumbi mzima kwenye harusi kwamba nyumbani kwake kuna injinia. Akimwita amwambie "najua kuhusu fizikia", binti atajua amechunguliwa, na sidhani kama ataandika tena "Baba" mahali popote. Akinyamaza, fizikia inabaki pale pale.

Nikamshauri: "Baba mdogo, tukitoe, halafu umwambie ukweli kwamba ulikiweka." Akaniuliza, mtu mzima yule, "Sasa naanzaje?" Sikuwa na jibu. Kukiweka kulinichukua dakika kumi.

Juzi kanisimulia amemnunulia binti chipsi mayai, wakakaa barazani wawili, akamuuliza, "Mama, shule inaendaje?"

Binti akamjibu, "Nzuri tu, baba."