Kuteleza si Kuanguka





Kila mwaka, Jumatano ya Majivu inapofika, wapo miongoni mwetu wanaoweka nia ya kuacha sigara. Wapo pia wazee wetu wanaotaka kuachana na ugoro. Tunawapongeza katika jumuiya, tunawataja katika maombi, na wiki ya kwanza kila anayekutana nao huwauliza wanaendeleaje. Ifikapo wiki ya tatu au ya nne, baadhi yao hawaonekani tena, si kwenye Njia ya Msalaba, wala kwenye sala za jumuiya. Hawakuhama. Walivuta sigara moja, wakaona haya. Tafakari ya juma hili ni kwa ajili yao, na ni kwa ajili yetu sisi ambao mara nyingi tumechangia kuwafukuza.

Hatuna haja ya kurefusha maneno juu ya madhara ya tumbaku. Shirika la Afya Duniani linatueleza kwamba tumbaku huua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka, na miongoni mwao wamo wasiovuta kabisa bali waishio katika moshi wa wenzao. Taifa letu lilitunga sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku mwaka 2003, kisha likaridhia mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku mwaka 2007. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, inapofundisha juu ya fadhila ya kiasi, inaitaja tumbaku waziwazi pamoja na chakula na pombe. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko aliamua mwaka 2017 kwamba sigara zisiuzwe tena ndani ya Vatican kuanzia mwaka uliofuata. Mvutaji wa huku kwetu anajua kwamba moshi unamdhuru. Kifua chake mwenyewe kinamwambia kila asubuhi. Asichokijua, kwa sababu hatujamwambia, ni afanye nini saa ile ambayo amekwisha kuvunja nia yake.

Turuhusuni tuwasimulie kisa kimoja, kwa idhini ya mwenyewe. Baba mmoja, aliyevuta tangu ujana wake, aliacha sigara Jumatano ya Majivu. Alivumilia siku 26. Usiku wa siku ya 27 alikuwa msibani. Mnaifahamu misiba ya huku Nyanda za Juu Kusini, iwe Mbeya au Iringa: wanaume hukaa nje hadi usiku wa manane wakiota moto, baridi inapenya koti, na pakiti inazunguka toka mkono hadi mkono. Alichukua moja. Kulipopambazuka akanunua pakiti nzima.

Wiki moja baadaye tulikutana naye barabarani akiwa na wenzake, nasi tukamtania: "Mzee, na ile ahadi ya Majivu imeishia wapi?" Wenzake wakacheka. Naye akacheka, akasema, "Baba, mimi nimeshindwa." Hatukumwona kanisani hadi Pasaka ilipopita. Tulipokwenda kumtembelea nyumbani kwake, alituambia neno ambalo hatujalisahau: "Baba, ile ya msibani ilikuwa moja tu. Zilizofuata zote nilizivuta kwa aibu."

Tangu siku hiyo tumekuwa tukilisoma simulizi la Mtakatifu Petro kwa namna nyingine. Mwinjili Yohana anatueleza kwamba usiku ule kulikuwa na baridi, walinzi na watumishi wakawa wamewasha moto wa makaa, na Petro akasimama kati yao akiota moto (Yn 18:18). Hapo ndipo alipomkana Bwana. Alikuwa amechoka, amepigwa na baridi, yuko kati ya watu asiotaka kujitofautisha nao. Kila mtu aliyewahi kuvunja nia yake msibani au kijiweni anaufahamu moto ule.

Lakini Injili hiyo hiyo inautaja moto wa makaa mara ya pili. Bwana mfufuka yuko ufukweni mwa ziwa, samaki wako juu ya makaa, na mkate upo (Yn 21:9). Petro anafika akiwa amelowa maji. Tazameni kile ambacho Bwana hakukiuliza. Hakumwuliza, "Na ile ahadi imeishia wapi?" Alimlisha kwanza. Kisha akamwuliza mara tatu kama anampenda, na mara tatu akamkabidhi kazi. Yuda naye alijuta. Lakini alikwenda na majuto yake peke yake. Petro alibaki kati ya wenzake, na hapo ndipo Bwana alipomkuta.

Wahenga wetu walisema kuteleza si kuanguka. Wanaosafiri kwenda Dar es Salaam kutoka Mbeya na Iringa wanaufahamu mlima Kitonga. Lori lililolemewa na mzigo likikwama katikati ya mlima na kuanza kurudi nyuma, utingo huruka chini akaweka jiwe au gogo nyuma ya gurudumu. Hakuna dereva mwenye akili timamu anayesema, "Kwa kuwa limerudi hatua mbili, basi tuliachie lirudi lote mpaka Ruaha Mbuyuni." Hatua mbili ni hatua mbili. Mlima wote uliokwisha kupandwa bado uko chini yake. Vivyo hivyo, siku 26 za baba yule hazikufutwa na sigara moja. Mapafu yake yalikuwa yamepumzika siku 26, na watoto wake walikuwa wamelala siku 26 katika nyumba isiyo na moshi. Kilichomrudisha bondeni ni kule kuamini kwamba yote yamepotea.

Huenda baadhi yenu mkauliza: Je, Padre halegezi mambo? Kama tutamwambia kila anayevuta kwamba si kitu, nani ataacha? Swali hili ni la haki. Hatusemi kwamba si kitu. Yuko anayepanga kuteleza, anayesema, "Nitavuta Jumamosi, Jumapili nitatubu." Huyo hajateleza, ameshuka kwa miguu yake mwenyewe, na ajihoji kama nia yake ilikuwa ya kweli. Tunayemzungumzia ni yule aliyetaka kwa moyo wote, akashindwa na saa moja. Kanisa lenyewe linafundisha kwamba mazoea yanaweza kupunguza uzito wa lawama, kwa sababu uhuru wa mtu umefungwa. Huyo hahitaji kusukumwa. Anahitaji jiwe nyuma ya gurudumu.

Jiwe hilo ni lipi? Kwanza, zile zilizobaki zitupwe saa ile ile. Huku kwetu sigara huuzwa moja moja gengeni, na kishawishi huja kikiwa na sura ya udogo: moja tu. Usingoje Jumatatu, wala tarehe mosi, wala Kwaresima nyingine. Siku ya kuanza upya ni siku ile ile uliyoteleza.

Pili, mwambie mtu mmoja kabla jua halijazama: mke, mume, rafiki, katekista, au sisi mapadre. Aibu iliyofichwa hununua pakiti.

Tatu, ichunguze dhamiri yako kama unavyojiandaa kwa Sakramenti ya Kitubio, ila safari hii tafuta chanzo. Wataalamu wa afya wanatueleza kwamba mwili unaodai nikotini husumbua zaidi siku za mwanzo, kwa hasira, kukosa usingizi na kukosa utulivu, kisha madai hayo hupungua kadiri wiki zinavyopita. Kwa hiyo aliyeteleza siku ya 27 ajiulize: Nilikuwa wapi? Na nani? Saa ngapi? Je, ilikuwa kilabuni kwenye ulanzi? Je, ilikuwa baada ya ugomvi nyumbani, au siku ya kulipwa mshahara? Baba yule aligundua kwamba adui wake ni mikono mitupu kando ya moto. Siku hizi akienda msibani huomba apewe kazi ya kupasua kuni au kugawa chai.

Nne, jua kwamba hamu ya kuvuta inapokuja kwa nguvu haidumu. Kwa kawaida hupita baada ya dakika chache, uvute au usivute. Fungu moja la Rozari, likisaliwa bila haraka, huchukua karibu muda huo. Hatusemi kwamba Rozari ni dawa ya nikotini. Tunasema kwamba dakika zile ngumu zinaweza kukaliwa na mtu pamoja na Mama wa Mungu, kisha akanywa maji, akatembea, akaendelea na kazi yake.

Tano, usione haya kwenda kituo cha afya. Zipo dawa zinazompa mwili nikotini kidogo kidogo bila moshi, na baadhi yake zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Mwulize daktari au mfamasia. Tena, mwenye kikohozi kisichoisha kwa wiki mbili aende akapimwe kifua kikuu, maana uvutaji huongeza hatari ya ugonjwa huo.

Sasa tuseme neno juu ya kudumu katika nia. Woga huanzisha safari, lakini haumfikishi mtu mbali. Mtu huogopa saratani kwa wiki mbili, kisha huzoea kuogopa. Anayedumu ni yule aliye na mtu au jambo analolipenda kuliko moshi. Kwa hiyo kila asubuhi taja kwa jina yule unayeacha kwa ajili yake. Piga hesabu pia: anayevuta sigara 10 kwa siku huvuta 3,650 kwa mwaka, yaani pakiti 182 na nusu. Zidisha mwenyewe kwa bei ya gengeni kwenu, kisha uangalie madaftari na viatu vya watoto. Fedha ile weka katika kibubu, uione ikiongezeka.

Wala usiape kwa mwaka mzima kile usichojua kama utakiweza wiki hii. Mtumishi wa Mungu aliyepewa heshima ya Mwenyeheshimiwa mwaka 1975, Matt Talbot wa Dublin, kibarua aliyekuwa mlevi tangu utotoni, alipoahidi kuacha pombe mwaka 1884 alianza na ahadi ya miezi mitatu tu. Ilipotimia akaongeza miezi sita, na baadaye ndipo akaahidi kwa maisha yake yote. Tumbaku nayo aliiacha, na inasimuliwa kwamba kwake ilikuwa ngumu kuliko pombe. Alifariki mwaka 1925 akiwa njiani kwenda Misa. Kama mtu wa namna hiyo alianza na miezi mitatu, wewe unaweza kuanza na siku ya leo.

Mwisho, tujisemee sisi wengine. Kwa wanajumuiya: msimkaribishe sigara anayejitahidi kuacha, hata kwa utani, na mkisikia ameteleza msiligeuze kuwa habari ya njiani. Kwa akina mama: tunajua mmechoka na moshi ndani ya nyumba, hasa Juni na Julai milango inapofungwa kwa baridi, lakini neno la kutia moyo siku ya kuteleza lina nguvu kuliko lawama za mwezi mzima. Kwa ndugu zetu wanaolima tumbaku huko Chunya: hatuwahukumu kwa kilimo mlichosomeshea watoto, tunawaombeni tu msimvunje moyo anayetaka kuacha. Na sisi mapadre tujifunze kuuliza vizuri. Kati ya "Ahadi imeishia wapi?" na "Leo umeamkaje, Mzee?" upo umbali mkubwa, na wakati mwingine roho ya mtu imo katikati yake.

Kuhusu baba yule, hatuwezi kuwaandikia kwamba ameshinda. Alianza tena baada ya Pasaka. Ameteleza mara mbili tangu wakati huo, na mara zote mbili alikuja kutueleza siku hiyo hiyo, mara ya pili usiku, amevaa koti lake la msibani. Tulimkaribisha jikoni, tukamchemshia chai, tukanywa pamoja karibu na jiko la mkaa. Hatukumwuliza juu ya ahadi. Alipoondoka alituambia kwamba kesho yake ingekuwa siku ya kwanza, nasi tukamjibu kwamba si ya kwanza, kwa maana zile zilizotangulia bado ni zake.

Kama wewe unayesoma umeteleza juma hili, njoo. Jumapili kiti chako kipo.

Tumsifu Yesu Kristo.