Tusimhukumu Pongo Peke Yake

Mnamo Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa malale si tishio tena kwa afya ya umma nchini Kenya. Kisa cha mwisho cha maambukizi ya humu nchini kilirekodiwa mwaka wa 2009. Sisi wakazi wa Kisumu na ufuo wa Ziwa Viktoria tuna kila sababu ya kushangilia, kwani maradhi haya yaliwaangamiza watu wengi katika ukanda huu tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Hata hivyo, kudhibiti ugonjwa si kuung'oa. Kimelea cha malale, tripanosoma, huweza kuishi katika damu ya wanyama pasipo binadamu yeyote kuugua.

Jambo hili lilithibitishwa papa hapa Nyanza. Mwaka wa 1958, R. B. Heisch na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wao kuhusu pongo aliyepatikana Sakwa, eneo la Bondo. Damu ya swala huyo ilikuwa na kimelea kinachomuua mwanadamu. Tangu hapo pongo alipata jina baya. Wako wanaoshikilia hadi leo kwamba dawa ya malale ni kufyeka pori na kuwamaliza wanyama waliomo. Kusini mwa Afrika wanyamapori waliuawa maelfu kwa maelfu kwa hoja iyo hiyo.

Hoja hiyo ina ukweli, lakini ni nusu ya ukweli. Malale yalipozuka Alego mwaka wa 1964, R. J. Onyango na wenzake walichunguza mifugo pia. Matokeo yao ya mwaka wa 1966 yalionyesha kuwa ng'ombe nao walibeba kimelea hicho. Mbung'o walijificha katika vichaka vilivyozunguka maboma, wakifyonza damu ya ng'ombe na ya mwenye ng'ombe. Wahenga hawakukosea waliponena kuwa kikulacho ki nguoni mwako.

Kwa maoni yangu, basi, kumtwika mnyamapori lawama zote ni dhuluma, tena ni hatari. Ni dhuluma kwa sababu Mbuga ya Kitaifa ya Ruma, katika Bonde la Lambwe, ndiyo makao ya pekee ya korongo waliosalia porini nchini Kenya. Tukiwatoweka hao, hatuna pengine pa kuwatafuta. Ni hatari kwa sababu mfugaji aaminiye kuwa ugonjwa uko mbugani tu hataona haja ya kumtibu ng'ombe wake, ambaye huenda akabeba kimelea bila kuonyesha dalili yoyote.

Isitoshe, ushindi wa mara moja haudumu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ndege zilinyunyiza dawa Lambwe. Mbung'o wakapungua mno, kisha wakarejea. Kinachohitajika ni kazi ya kila siku: mitego ya vitambaa vya buluu na vyeusi kwenye mipaka ya mbuga, dawa ya kuua mbung'o ipakwe miguuni na tumboni mwa ng'ombe, damu ya mifugo ipimwe, na mhudumu wa zahanati akumbuke kuichunguza damu ya mgonjwa ambaye homa yake haisikii dawa ya malaria. Aidha, serikali za kaunti za Homa Bay na Siaya zisiifute kazi hii katika makadirio ya fedha kwa kisingizio kwamba wagonjwa hawapo. Wagonjwa hawapo kwa sababu kazi hii ilifanywa.

Nasi wapenzi wa Kiswahili tuna wajibu wetu. Mengi ya haya yamefungiwa katika majarida ya Kiingereza, ilhali mwenye kuchunga ng'ombe kando ya Ruma ndiye anayeyahitaji kwanza. Tuyaandike kwa lugha aielewayo, na tumwambie yote mawili: la pongo na la ng'ombe.