Amana ya Umma Haipigwi Mnada

Kauli ya kwamba fedha hakuna imekuwa ngao ya kila kiongozi anayetaka kutenda jambo ambalo wananchi hawalitaki. Msomaji aliyewahi kukaa katika kikao cha bajeti anaijua vema. Ikishatamkwa, mabishano hukoma, na anayeendelea kuuliza huonekana mkorofi asiyeelewa hesabu. Kwa kauli hiyo hiyo halmashauri ya mji wa Northampton, nchini Uingereza, iliipeleka kwa dalali wa mnada Christie's mjini London sanamu ya Sekhemka, iliyokuwa mali ya makumbusho ya mji huo. Tarehe 10 Julai, 2014 ikauzwa kwa takriban pauni milioni 15.76, ada ya dalali ikiwamo.

Sekhemka alikuwa mkaguzi wa waandishi katika utawala wa Misri ya kale, zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Kwa maneno mengine, alikuwa mtumishi wa serikali. Sanamu yake ya mawe ya chokaa, yenye kimo cha sentimita 75 hivi, inamwonesha ameketi, hati ya mafunjo imekunjuliwa mapajani, na mkewe amepiga magoti kando ya mguu wake. Katikati ya karne ya 19 kabaila mmoja wa Kiingereza, Markisi wa Northampton, aliichukua huko Misri; na kabla karne hiyo haijaisha familia yake ikaikabidhi kwa makumbusho ya mji. Ilikabidhiwa ili watu waione. Huo ndio msingi wa shauri zima, na ndio ambao madiwani waliuruka.

Yatazameni mavuno ya mnada huo. Halmashauri ilipata kama pauni milioni 8. Kizazi cha yule kabaila kilichukua kama pauni milioni 6, kutokana na kitu ambacho wazee wao walikwisha kukitoa kwa umma! Misri, ambako sanamu ilichongwa, haikuambulia hata senti, ingawa balozi wake mjini London alilaani mauzo hayo waziwazi. Hapo ukabaila na ubepari waligawana karamu, na Mwafrika aliyekuwa kitoweo hakuulizwa neno.

Watetezi wa mauzo walisema kwamba sanamu ilikuwa imekaa miaka minne bila kuoneshwa, na kwamba Northampton ni mji wa washona viatu. Makumbusho yake yanasifika kwa viatu, basi Mmisri huyo alikuwa na kazi gani pale? Hoja ya kwanza inajijibu yenyewe, kwa kuwa aliyeifungia sanamu ndani ni halmashauri iyo hiyo. Mwenye duka akificha bidhaa chini ya meza, asilalamike kwamba wateja hawaiulizi. Hoja ya pili ni ya hatari zaidi, hasa kwa walimu. Inataka mtoto wa fundi viatu aoneshwe viatu tu. Mtoto wa tajiri atapelekwa London au Paris kuiona Misri. Wa maskini alikuwa nayo mtaani kwake, bila nauli.

Hatukatai kwamba uhaba ulikuwapo. Tangu mwaka 2010 serikali kuu ya Uingereza ilipunguza sana ruzuku kwa halmashauri, na makumbusho, yasiyo na sheria ya kuzilazimisha kuyagharimia, yakawa ya kwanza kukatwa fungu. Lakini uhaba una macho ya kuchagua. Mwaka 2013 halmashauri iyo hiyo ya Northampton iliidhinisha mkopo wa zaidi ya pauni milioni 10 kwa klabu ya soka ya mji, kwa ajili ya kupanua uwanja. Jukwaa likabaki gofu, na sehemu kubwa ya fedha hizo haikurudi. Kwa hiyo tusiambiwe kwamba hazina ilikuwa tupu.

Na je, kuuza kunaponya? Croydon, kusini mwa London, mwaka 2013 ilipeleka mnadani vyombo 24 vya kauri vya Kichina kutoka hazina ya makumbusho yake. Mwaka 2020 halmashauri hiyo ilitangaza rasmi kwamba haiwezi tena kulingana na bajeti yake. Ugonjwa ulikuwa katika mapato na matumizi ya kila mwaka, na kauri huuzwa mara moja tu. Bury nayo iliuza picha ya mchoraji Lowry mwaka 2006 ili kuziba pengo la bajeti, ikaondolewa katika orodha ya makumbusho yanayotambuliwa. Northampton ilionywa na mfano huo, ikapuuza. Mwezi Agosti, 2014 Baraza la Sanaa la England likaifutia ithibati kwa muda usiopungua miaka mitano, na mlango wa misaada mingi ukafungwa. Ni mfadhili gani mwenye akili atakayeikabidhi amana yake halmashauri inayogeuza zawadi kuwa mtaji?

Njia nyingine ipo. Mwaka 2012 wakazi wa wilaya tatu za eneo la Detroit, Marekani, walipiga kura kujitoza kodi ya nyumba na ardhi kwa ajili ya makumbusho ya sanaa ambayo mkusanyo wake ulikuwa mali ya jiji. Nao wakapewa haki ya kuingia bure. Mwaka uliofuata jiji lilifilisika, na wadai wakaanza kuzitolea macho picha ukutani. Mapatano ya mwaka 2014 yaliunganisha mashirika ya hisani, serikali ya jimbo na makumbusho yenyewe, wakachangia kuokoa pensheni za wafanyakazi wa jiji, na picha hazikuuzwa. Wakazi waliulizwa wakajibu. Northampton waliandamana, hawakusikilizwa.

Makumbusho ya Northampton yalifunguliwa upya mwaka 2021, yakiwa yamepanuliwa. Majengo ni mazuri. Sekhemka hayumo, mnunuzi wake hakutajwa hadharani, na zuio la muda la kuitoa sanamu nje ya Uingereza liliondolewa mwaka 2016.