Mwili Wauma, Vipimo Havioni Kitu

Huenda unamjua mama kama huyu, au huenda ni wewe mwenyewe. Anaamka asubuhi amechoka kuliko alivyolala. Mabega yauma, mgongo wauma, nyonga na mapaja yauma. Hata mtoto akimkumbatia anashtuka. Amepimwa malaria, taifodi, damu na mkojo, na kila karatasi yasema hana kitu. Nyumbani wamekwisha kunong'ona kwamba ni mvivu. Jirani naye ashauri apungwe pepo.

Pengine mama huyo anaugua faibromialjia. Jina ni gumu, lakini jambo lenyewe laeleweka. Ubongo na neva huyakuza maumivu, mithili ya redio iliyofunguliwa sauti hadi mwisho: mnong'ono wageuka kelele. Viungo havikuvimba wala mifupa haikuvunjika, kwa hiyo eksirei haionyeshi lolote. Lakini maumivu ni ya kweli kabisa. Huwapata zaidi wanawake, ingawa wanaume na vijana pia hawakusalimika.

Mwaka 1990 wataalamu wa Marekani walipendekeza daktari abonyeze sehemu 18 za mwili, na mgonjwa aumie katika 11 au zaidi. Tangu 2010 ulikuja utaratibu mwingine. Daktari huuliza ni wapi na wapi panapouma, usingizi ukoje, uchovu je, na kama akili inasahausahau, mathalani kumtuma mtoto dukani kisha usikumbuke ulimtuma nini. Hali hiyo iwe imedumu miezi 3 au zaidi.

Hapa kwetu Likoni, Kisauni na Changamwe, tuwe waangalifu tusichanganye mambo. Mwishoni mwa 2017 na mwanzoni mwa 2018 Mombasa ilikumbwa na chikungunya, ugonjwa uletwao na mbu aumaye mchana na kuzaana katika maji tunayoweka majumbani. Jina hilo ni la Kimakonde, lenye maana ya kujipinda, nalo lilitokana na mlipuko wa 1952 kusini mwa Tanganyika. Homa huisha kwa siku chache, lakini maumivu ya viungo huweza kuendelea miezi, hata miaka. Kwa hiyo mweleze daktari kama uliwahi kuugua. Viungo vikivimba, homa ikirudi, ukikonda au mkono ukafa ganzi na kulegea, usiseme ni faibromialjia. Yaweza kuwa baridi yabisi au jingine linalohitaji tiba yake.

Tiba? Vidonge vya maumivu vya dukani havisaidii sana hapa, na kuvimeza kila siku huweza kuumiza tumbo na figo. Daktari aweza kuandika amitriptilini kidogo, ya usiku. Ndiyo, ni dawa itumiwayo pia kwa wenye huzuni nzito, lakini hapa hutuliza neva na kuleta usingizi. Usiitupe kwa kudhani umeitwa mwendawazimu.

Linalosaidia zaidi, ingawa wengi hawalipendi, ni mazoezi. Anza na dakika 5 za kutembea jioni jua likipoa, uongeze kidogo kidogo kila wiki. Mwanzoni utaumia, usiache. Halafu kuna kosa la siku ya nafuu. Mama ameamka mzima, basi afua nguo za wiki nzima, ateke maji mitungi kumi, apige deki mpaka uani. Kesho na keshokutwa hainuki. Ni heri kufua kidogo leo na kidogo kesho.

Nawe bwana wa nyumba, usingoje karatasi ya maabara ndipo umwamini mkeo. Ukivuka feri naye, ukaona benchi lina nafasi moja, aketi yeye. Na mitungi ya maji, wapo vijana hapo nyumbani wenye mabega.